Safu ya Bwana Shamba: Mia tano yenye nyati mwekundu

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumza habari za kupogolea mibuni. Ahadi ile ipo, lakini leo naomba mnivumilie. Kuna jambo limetokea huku kwetu mlimani, na sipendi lipoe kabla sijaliandika. Ni habari ya sarafu moja ya shilingi mia tano.

Habari hii ni ndefu kidogo. Unayesoma polepole, usiogope. Soma nusu leo, nusu kesho.

Nilikuwa nimekwenda kijiji kimoja upande wa Kilema kukagua mibuni. Nilipofika penye duka la njia panda nikakuta watu wamekusanyika. Katikati yao alisimama mtoto wa kiume, umri wake kama miaka kumi, analia. Mwenye duka alishika sarafu juu, kila mtu aione. Alikuwa akisema kwa sauti: "Mimi si mjinga! Hii ni hela gani?"

Mtoto yule alikuwa ametumwa na bibi yake kununua chumvi. Alitoa sarafu ya mia tano. Mwenye duka alipoigeuza, akaona upande wa nyati ni mwekundu. Si wekundu wa matope. Ni wekundu wa shaba, kama waya wa umeme uliomenywa. Na yule nyati mwenyewe alikuwa ameliwa. Pembe zimefutika, mgongo umefutika, na pale palipofutika pana vishimo vidogo vidogo kama makovu ya ndui.

Watu walikwisha gawanyika. Mwenye duka alisema ni hela ya bandia. Mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu akasikia, kwamba hiyo ni chuma ulete. Mnajua maneno hayo. Ati ukiipokea hela ya namna hiyo, usiku inaondoka na mauzo yote ya dukani na kurudi kwa mwenyewe. Na bibi wa mtoto yule ni mjane, anaishi na wajukuu wake tu. Maneno kama hayo yakimshika mjane mzee, hayamwachi. Sote tunajua katika nchi yetu wako vikongwe waliopoteza maisha kwa sababu ya uvumi mdogo kuliko huo.

Kijana mmoja mwenye pikipiki yeye alikuwa na lake. Alisema sarafu imekosewa kiwandani, na kwamba wako watu wanaonunua sarafu za namna hiyo kwa mamilioni. Akataka kumpa mtoto shilingi elfu moja aichukue. Nikamwambia asubiri.

Kisha wakanigeukia. "Bwana Shamba, wewe ni mtu wa vipimo. Tuambie." Nami, nikiri kosa langu, nikajibu upesi mno. Nilisema imemwagikiwa na maji ya betri ya gari. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori miaka mingi akacheka. Akasema: "Mwanangu, maji ya betri nayafahamu. Yamenitoboa suruali. Yakikuta chuma yanakila na kuacha kutu. Shaba hayaleti." Nikanyamaza. Alikuwa na haki.

Basi nikaanza upya, taratibu, kama tunavyofundishwa kukagua mti mgonjwa. Huanzi na dawa. Unaanza kwa kutazama.

Nilitoa mfukoni mia tano yangu nzima. Nikaziweka mbili hizo juu ya meza ya duka, bega kwa bega. Upande mmoja wa sarafu hii pana sura ya Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Upande wa pili pana nyati. Sarafu yenyewe ilianza kutolewa na Benki Kuu mwaka 2014. Upande wa Mzee Karume ulikuwa haujaguswa. Tukasoma herufi moja moja, yangu na ya mtoto. Zote sawa. Tukazipandisha moja juu ya nyingine. Upana sawa. Tukatazama ukingo. Sawa.

Kisha nikaomba sumaku. Mwenye duka alikuwa na spika ya redio iliyokufa, na nyuma ya spika kuna sumaku. Sarafu ya mtoto ikanasa. Yangu nayo ikanasa. Mzee dereva akajaribu ya mia mbili, ile yenye simba. Haikunasa.

Hapo ilinibidi nieleze, nanyi naomba mnisikilize, kwa sababu siri yote iko hapa. Sarafu zetu hazikufanywa kwa madini ya namna moja. Ile ya mia mbili ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ndiyo maana sumaku haiitaki. Lakini mia tano ni chuma. Juu yake imevikwa ngozi nyembamba ya nikeli ili ing'ae na isishike kutu. Mia moja na hamsini nazo ni chuma, lakini ngozi yake ni shaba nyeupe iliyo njano, ndiyo maana rangi yake inafanana na bomba la maji. Wazee watakumbuka sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966. Shilingi ya mwenge na senti hamsini ya sungura zilikuwa shaba na nikeli tangu nje hadi ndani. Zilikuwa hazina ngozi. Hata ukizikwaruza, ndani ni vilevile. Za siku hizi ukiikwaruza sana, unafika kwenye chuma.

Kwa hiyo hela ile haikuwa ya bandia. Mwenye duka alikubali nusu nusu.

Je, imekosewa kiwandani? Nilimwita yule kijana wa pikipiki aje atazame mwenyewe. Mistari ya mkwaruzo ilipita juu ya mwili wa nyati, ikaendelea mpaka kwenye herufi, ikatoka ukingoni. Nikamwuliza: "Ukiona ng'ombe ana alama ya chapa, na kovu limepita juu ya chapa, kipi kilitangulia?" Akasema chapa. Ndivyo hivyo. Picha ya nyati hupigwa kiwandani. Kovu limepita juu ya picha, basi kovu limekuja baadaye, huku huku kwetu. Sarafu kama hiyo haina mamilioni. Ni mia tano iliyoharibiwa tu.

Moto je? Mama mmoja alisema labda ilianguka mekoni. Chuma kilichoungua hugeuka cheusi au rangi ya majivu, tena huungua pande zote. Hii upande mmoja ulikuwa mzima kabisa. Kutu je? Nikaipangusa kwa kidole. Kutu hukuachia unga wa kahawia. Hii haikuacha unga mwingi, na nilipoisugua kwa kitambaa ikazidi kung'aa. Ilikuwa shaba, shaba yenyewe.

Sasa shaba imetoka wapi, ikaja kukaa juu ya chuma? Hapo nilikwama. Nikawaambia watu waende majumbani, nami nikamshika mtoto mkono nikamrudisha kwa bibi yake.

"Shikamoo bibi." "Marahaba baba, karibu." Bibi alikwisha pata habari, maana habari mbaya hukimbia kuliko mtoto. Alikuwa ameketi mlangoni, kanga imefunika kichwa, hataki kutazama njia. Aliniambia sarafu ile aliipata sokoni alipouza ndizi, na siku ile ilikuwa nzima, nyeupe. Akaiweka katika kopo juu ya rafu. Jana yake jioni haikuwemo. Leo asubuhi ilikuwemo. Mwanga wa jikoni ni hafifu, naye macho hayaoni sana, akampa mtoto bila kuitazama.

Mtoto alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Sikumwuliza kitu. Nilimwomba bibi anionyeshe ng'ombe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ng'ombe wake yuko bandani nyuma ya nyumba, chini ya migomba, pamoja na ndama na kondoo wawili. Ng'ombe alikuwa na ugonjwa wa kwato. Bibi alishauriwa amwoshee kwato kwa maji ya mrututu, na ushauri huo ni mzuri. Mrututu ule ulikuwa umekorogwa katika ndoo ya plastiki, maji ya buluu kama anga. Ndoo ilikuwa wazi. Na mshikio wa ndoo, ule wa waya, ulikuwa umelala ndani ya maji.

Niliuinua mshikio. Sehemu iliyokuwa nje ilikuwa waya wa kawaida. Sehemu iliyozama ilikuwa nyekundu ya shaba, na imeliwa vishimo vishimo, sawasawa na yule nyati.

Ndugu wasomaji, nilisimama pale nikajicheka. Jambo lile nililijua tangu chuoni. Mrututu ni nini? Ni shaba iliyofungwa ndani ya chumvi ya buluu. Ukiuyeyusha majini, shaba inakuwa ndani ya maji wala huioni. Ukitia chuma ndani ya maji hayo, hubadilishana nafasi. Chuma huingia majini kidogo kidogo, na shaba hutoka majini ikakaa mahali pa chuma. Ndiyo maana panakuwa na vishimo, na ndiyo maana panakuwa na wekundu. Vishimo ni chuma kilichoondoka. Wekundu ni shaba iliyokuja. Wachina walilijua jambo hili zaidi ya miaka 900 iliyopita. Walikuwa wakitia vipande vya chuma katika maji ya buluu yatokayo kwenye machimbo, wakakwangua shaba, na shaba hiyo ikasaidia kufua sarafu zao. Kumbe kwa bibi wa Kilema kulikuwa na kiwanda kama hicho nyuma ya nyumba.

Hata wakulima wa kahawa wa zamani hapa kwetu walikuwa na msumari wao. Kabla dawa za unga hazijaenea, watu walichanganya wenyewe mrututu, chokaa na maji, wakapiga mibuni kuzuia kutu ya majani na chule buni. Mchanganyiko huo ulitoka Bordeaux, nchi ya Ufaransa. Huko wenye mizabibu ya kando ya njia waliipaka mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Mtaalamu mmoja, Millardet, akaona kwamba mizabibu iliyopakwa haishiki ugonjwa, na mwaka 1885 akaitangaza dawa. Sasa, utajuaje kama chokaa imetosha? Unatumbukiza msumari msafi. Ukitoka na wekundu, chokaa haijatosha, na dawa hiyo itaunguza majani. Ukitoka kama ulivyoingia, dawa ni nzuri. Ndiyo maana pia dawa hiyo huchanganywa katika plastiki au mbao, si katika ndoo ya bati. Dawa nyingi za unga za shaba za siku hizi haziyeyuki upesi kama mrututu, kwa hiyo msumari hauwezi kukuonyesha hivyo. Usije ukajaribu ukasema Bwana Shamba ni mwongo.

Turudi bandani. Nilimwita mtoto, nikachutama tukawa kimo kimoja. Nikamwambia: "Hela hii ilisuguliwa kwanza, halafu ikalala humu. Sijakasirika. Nataka kujua tu."

Akasema yote. Aliichukua sarafu koponi kuitazama. Rafiki yake alimwambia kwamba ndani ya mia tano ni nyeusi. Wakabishana. Akaisugua upande wa nyati juu ya sakafu ya simenti ya kanisa, wakaona nyati anafutika. Akaogopa fimbo. Jioni ile akaitupa ndani ya ndoo ya dawa, kwa kuwa hakuna mtu ambaye angetazama huko. Usiku hakulala. Alfajiri akatia mkono ndani ya ndoo mpaka kiwiko, akaitoa, akaifuta kwa jani la mgomba, akairudisha koponi. Giza lilikuwa bado, hakuona rangi.

Basi fumbo lilikuwa limekwisha. Pale aliposugua, ngozi ya nikeli ilitoka, chuma kikabaki uchi, shaba ikaja ikakaa. Upande wa Mzee Karume ngozi ilikuwa nzima, ndiyo maana shaba haikupata pa kushika.

Lakini mimi nilikwisha acha kuwaza sarafu. Nilikuwa nawaza mkono ule. Nikamwuliza: "Ulipotoa mkono, uliuosha?" Akasema hapana, alikwenda kula kiporo cha ndizi. Nikamwuliza tumbo. Akasema lilimsokota asubuhi, akatapika mara moja, hakumwambia bibi. Na pale kando ya ndoo niliona jagi la plastiki. Nikamwuliza bibi la nini. Akasema ndilo analochotea mrututu, tena ndilo analochotea maji ya kunywa kutoka pipani, maana lile lingine limepasuka.

Sikumgombeza. Hakuna aliyemwambia. Yule aliyempa ushauri wa kwato alisema dawa, hakusema sumu. Na mimi nimepita njia ile mara ngapi, sikuwahi kuingia bandani mwake?

Mrututu ni sumu. Ukimezwa huunguza tumbo, mtu hutapika, pengine matapishi yana rangi ya buluu au ya kijani, na ukizidi huharibu ini na figo. Mtoto huyo tulimpeleka zahanati siku ile ile, na tulichukua pakiti ya mrututu mkononi ili mganga aone kwa macho yake. Nanyi mkipata jambo kama hilo fanyeni hivyo. Msimpe mtoto dawa ya kienyeji ya kumtapisha, wala msingoje kuona kama hali itakuwa mbaya. Mtoto wetu alikuwa amepata kidogo tu. Amepona.

Kondoo nao ni wadhaifu mno kwa shaba, kuliko mbuzi na ng'ombe. Kondoo akilamba maji yale siku kwa siku, shaba hujikusanya ini mwake, kisha siku moja anaanguka ghafla na mkojo wake ni mwekundu. Watu husema amerogwa. Wale kondoo wawili walikuwa wamefungwa hatua tatu kutoka kwenye ndoo isiyo na kifuniko.

Bibi aliuliza aimwage wapi ile dawa. Alikuwa tayari ameishika ndoo, anaelekea mferejini. Nilimkimbilia. Mifereji yetu ya Kilimanjaro inatoka kwa jirani wa juu na kwenda kwa jirani wa chini, na wa chini ananawia, anapikia, ananyweshea. Shaba huua samaki hata ikiwa kidogo. Na katika shamba pia haiozi. Majani huoza, samadi huoza, shaba hukaa. Vihamba vyetu vimepigwa dawa za shaba miaka mingi, na udongo wa mibuni ya zamani tayari una shaba ya kutosha, nyungunyungu hawaipendi. Tulichimba shimo mbali na mfereji, mbali na mgomba, tukamwaga humo, tukafukia. Ndoo tukaipiga alama ya msalaba kwa rangi nyekundu, iwe ya mrututu tu. Lile jagi tukalikata. Pakiti iliyobaki ilikuwa rafuni jikoni, jirani na chumvi. Nayo ni mawe mawe kama chumvi ya mawe! Imehamia kwenye sanduku lenye kufuli.

Kesho yake nilirudi dukani. Nilichukua kikombe cha plastiki cha kutupwa, maji, mrututu kidogo na msumari wa nchi nne niliousugua kwa msasa. Niliwaomba wale wale waliokuwepo waje. Nilimpa mwenye duka mwenyewe autumbukize, ili asiseme nimefanya kiini macho. Akahesabu moja mpaka mia. Akautoa. Nusu msumari ulikuwa mwekundu.

Watu walipiga makofi. Yule mama aliyetaja chuma ulete hakupiga makofi, lakini alikuja kuushika msumari, akaugeuzageuza. Mzee dereva akasema: "Kumbe kweli ilikuwa habari ya chuma, ila si kile cha kuchuma." Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile kilimsaidia bibi kuliko maelezo yangu yote.

Mwenye duka alimpa mtoto pakiti ya chumvi. Lakini sarafu aliikataa. Alisema: "Bwana Shamba, nimeelewa. Si bandia, si uchawi. Lakini nikimrudishia mteja chenji, atanielewa nani? Nitaitisha mkutano kila mara?" Sikuweza kumlaumu. Ni kweli pia kwamba kuharibu hela ya nchi kwa makusudi ni kosa kisheria, na hilo nilimwambia mtoto na rafiki yake, wakaapa kwamba sakafu ya kanisa hawataisugulia kitu tena.

Nikatoa mia tano yangu nzima, nikampa bibi, nikachukua ile yenye nyati mwekundu. Yule kijana wa pikipiki alinifuata mpaka njiani kuuliza kama kweli haiuziki.

Sasa iko mfukoni mwangu pamoja na ule msumari. Wiki ijayo nitakuwa Uru, na wiki itakayofuata Machame. Mwenye mrututu nyumbani aje na ndoo yake tuitazame mshikio. Habari za kupogolea mibuni ni mwezi ujao.